Swichi za Dada Rukaiya

Mikidadi aliikuta taa ya sebuleni kwa dada yake imefungwa kanga.

Alikuwa ametoka Nachingwea kwa pikipiki, akafika Nkowe mchana akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuja kwa kazi. Alikuja kumjulia hali tu. Aliamkia, akanawa uso, akakaa, na alipoegemeza kichwa ndipo macho yake yakakutana na dari. Kipande cha kanga kuukuu kilikuwa kimezungushiwa balbu na kukazwa kwa kamba, kama kichwa cha mtu mwenye jeraha.

"Dada, hiyo taa imefanyaje?"

Rukaiya alijifanya hakusikia. Akageukia mlango wa jikoni. "Zuleha! Mjomba wenu kafika na njaa!"

"Dada, nakuuliza taa."

"Taa nzima tu. Habari za Nachingwea?"

Zuleha, mke wa mtoto wa Rukaiya, alikuwa ameshaingia na jagi la maji. Akamtazama mama mkwe, akamtazama mgeni, uvumilivu ukamwishia.

"Mjomba, taa hizi hazizimiki. Ukizima, inabaki inapepesa, inapepesa, mpaka kichwa kinauma. Ya chumbani kwa mama ndiyo balaa, huwaka yenyewe watu wamelala. Mama katukataza tusikwambie."

Mikidadi alihisi masikio yakiwaka moto, maana swichi za taa hizo alizifunga yeye.

Rukaiya ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Mikidadi alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa wa dada huyu. Sasa baridi yabisi ilikuwa imeikamata mikono ya Rukaiya yote miwili. Vidole vilivyopalilia ufuta na kubangua korosho miaka yote hiyo vilikuwa vimejikunja, havikunjuki. Swichi za zamani za nyumba hiyo zilikuwa ngumu, na Mikidadi aliwahi kumkuta akiisukuma moja kwa mpini wa mwiko, ameuma meno. Yeye ni fundi umeme, mji mzima wa Nachingwea unamjua, na dada yake anawasha taa kwa mwiko! Ndipo akanunua swichi za kisasa za kioo, zile ambazo ukizigusa tu zinawasha, akazifunga nyumba nzima pamoja na balbu mpya ndogo. Majirani walikuja kuzitazama. Naye aliporudi kwake, alimsimulia kila aliyekaa kusikiliza.

"Kwa nini hukunipigia simu?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Nikwambie nini? Ungeona nimeikataa zawadi yako." Rukaiya alinyanyua kiwiko, akaigusa swichi ya ukutani. Mwanga ukajitokeza ndani ya kanga. "Ona. Inanisikia. Simwiti Zuleha, simwiti mtu. Sasa nikutoe Nachingwea uje uniondolee kitu ninachokipenda?"

Mikidadi hakungoja chakula. Alifunga madirisha, akaondoa kanga, akazima. Kweli, balbu ilibaki na uhai: mwanga hafifu unaokuja na kupotea. Alizima umeme wa nyumba nzima kwenye meni swichi, ile swichi kuu, akapanda juu ya meza, akakagua viungo vya nyaya kimoja kimoja. Vilikuwa safi. Akadhani swichi yenyewe ni mbovu, akaing'oa, akaleta ya chumba kingine na kuijaribu pale. Taa ikapepesa vilevile.

"Labda nikurudishie zile za zamani," alisema hatimaye, akijifuta jasho. "Nitatafuta zilizo laini kidogo."

Rukaiya aliitazama tu mikono yake iliyolala mapajani. Mikidadi akateremka mezani, akaiweka bisibisi chini.

"Hapana. Ngoja kwanza."

Alizunguka nyumba akigusa swichi moja baada ya nyingine. Kila chumba, ugonjwa uleule, isipokuwa stoo ya magunia. Huko aliwasha, ikawaka; alizima, ikazimika kabisa, giza tupu. Akajaribu tena na tena. Akainua macho, akaona balbu ya zamani, ile ya waya mwembamba ndani ya kioo.

"Hii aliiweka nani?"

"Mume wangu," Zuleha akajibu. "Ile yako iliungua, akaokota hiyo kwenye kabati."

Mikidadi aliichukua mbio mpaka sebuleni, akaifunga mahali pa ile ndogo. Ikazimika vizuri. Kumbe swichi haikuwa na kosa, wala nyaya. Alitoka uani mahali simu inaposhika, akampigia Sofia, mwenye duka la vifaa vya umeme Nachingwea, ambaye walisoma ufundi pamoja, akamweleza mambo yalivyo.

"Umeweka balbu za wati ngapi?" Sofia aliuliza.

"Za LED, wati tatu."

"Na kwenye boksi la swichi kuna waya wa nyutro?"

"Hakuna. Nyumba ya zamani hii. Umeshuka waya wa moto na waya wa kurudi kwenye taa, basi."

Sofia akacheka. "Sasa swichi hiyo itaishije, kaka? Ile ya zamani ikizimwa imekufa. Hii ya kugusa hailali, lazima ipate umeme kidogo hata taa ikiwa imezimwa, ili ikusikie ukiigusa. Nyutro hukuipa, kwa hiyo inaupitishia kwenye taa. Balbu ya zamani haishtuki kwa umeme mdogo namna hiyo. Ya wati tatu inaukusanya kidogo kidogo, ikishiba inapepesa. Kwani vile vidude vyeupe vya kwenye pakiti uliviweka wapi?"

Mikidadi alivikumbuka: vidude vidogo vyenye nyaya mbili mbili. Alidhani ni vya ziada.

"Viko kwenye droo yangu ya kazini," alisema.

"Hizo ni kapasita. Moja kwa kila taa, inafungwa palepale kwenye taa, umeme wa swichi unapita humo na taa inaachwa ipumzike. Nitazifuata, nizipe basi la asubuhi."

Kwa hiyo Mikidadi akalala Nkowe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe. Walikula ugali na kisamvu cha karanga, dada akisimulia kwa Kimwera vituko vya utoto wa mdogo wake, na Zuleha akicheka mpaka akaweka sahani chini.

Kesho yake bodaboda ilileta mzigo ulioshushwa na basi Ruangwa mjini. Mikidadi alizima umeme tena, akapanda, akafunga kapasita ya kwanza sambamba na balbu ndogo ya sebuleni, akawasha meni. Rukaiya alikuja mwenyewe na kiwiko chake, Zuleha nyuma yake. Akagusa: mwanga. Akagusa tena: giza, madirisha yote yakiwa yamefungwa. Walisimama gizani humo wakiitazama balbu isiyofanya kitu chochote, na wote watatu walifurahi kana kwamba wanatazama harusi.

Alimaliza chumba cha dada, cha Zuleha na jikoni. Alipoisogeza meza kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea chooni, Rukaiya akamshika bega.

"Hiyo iache."

"Niiache vipi? Nayo inapepesa."

"Haipepesi sana. Nikiamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha, inanionyesha njia. Nimeshaizoea."

"Dada, huo ni ubovu. Mimi fundi, niondoke niache ubovu ndani ya nyumba?"

"Wewe fundi wa Nachingwea. Hapa ni Nkowe."

Mikidadi aliitazama kapasita iliyobaki kiganjani, akamtazama dada yake, ambaye uso wake ulikuwa mkavu lakini tumbo linatikisika kwa kicheko. Akakirudisha kidude mfukoni, akaibeba meza kuirudisha sebuleni.