Sahani ya Daktari Anselm

Scovia alimwona mbwa kwanza, kisha akaona alichokuwa anakiburuza mchangani, katikati ya meza zake za kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani: kondo la nyuma la mtoto wa watu. Akatapika chai yote ya asubuhi.

Tangu Daktari Anselm, mmisionari kutoka Ulaya, aanze kuzalisha wanawake katika hospitali yake mpya kilimani juu ya kijiji cha Minago, mfereji wake ulikuwa ukishusha hadi ufukweni bendeji, pamba zenye damu na maji yanayonuka kama mzoga. Kanisa la hospitali lilishaezekwa. Tanuri la kuchomea taka, bado.

Na ole wako umseme vibaya daktari! Wangekuambia shukrani ya punda ni mateke. Alikuwa amemwokoa hata binti wa Scovia, ndiyo maana mama huyu alimwendea kwa adabu.

"Amahoro, Dogiteri. Buchafu ya hospitali inashuka ku ndagala zetu."

"Ni maji kidogo tu, mama. Jua linaua vijidudu vyote. Hakuna ubaya. Tuombe."

Akamwombea. Scovia aliinamisha kichwa, akiichukia amina iliyomtoka kinywani.

Siku ya uzinduzi rasmi wa hospitali wageni walifika kwa magari kutoka Bujumbura, na ndagala za karamu zikaagizwa kwa Scovia. Alizikaanga kwa mawese, akampakulia daktari mwenyewe sahani ikajaa pomoni.

"Zinanukia vizuri! Ni zako, mama?"

"Ni zangu. Nilizianika pale pale mufereji yako inatokea. Jua imeua vyote, ulisema. Kula, Dogiteri. Batoto yetu banakula hizo kila siku."

Alisema kwa sauti, meza nzima ikasikia. Daktari alikitazama kijiko kilichokuwa karibu na mdomo wake. Akakirudisha sahanini, akafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, ingawa havikuwa vimegusa kitu. Wageni wakasukuma sahani zao. Mchungaji Isaka, aliyekaa meza hiyo, alikwishameza, maskini, akakimbilia nyuma ya kanisa.

Scovia alimtazama daktari kwa kinyaa kilekile cha asubuhi ile ya mbwa, na roho yake ikaburudika.

Kesho yake daktari alileta vibarua wachimbe shimo la taka. Siku hiyohiyo Scovia alikaa sokoni tangu asubuhi hadi jioni na beseni lake limejaa, na majirani aliowalisha miaka yote wakapita mbele yake wameziba pua.