Mbwa Aliyemlalia Zaahid

...na hapumui, hapana, anapumua, mtu asiyepumua hapigi kelele namna ile, Nuraan alijiambia, mgongo umeganda kwenye jokofu, ufagio mikononi, mpini ameuelekeza mbele, na pale chini, kati ya meza na jiko, mwanawe Zaahid anapiga ile sauti yake isiyo kilio wala ukelele, ile inayotokea tumboni, na juu ya mapaja yake amelala mbwa, mbwa mzima, mweupe, mzito kama gunia la mchele, amejibwaga tu, kidevu kwenye tumbo la mtoto, ya Rabi, mbwa yuko juu ya mwanangu na mimi nimesimama natazama, na yule Ansie, mwalimu wa mbwa, juzi alisema palepale mlangoni huku akipekua mkoba kutafuta funguo za gari, "Utatamani kumtoa, Nuraan, kila mama hutamani, lakini usimtoe," rahisi kwake kusema, yeye amekulia shamba huko Paarl, mbwa wamelala kitandani kwake tangu hajaota meno, angejua nini... umeme tu, basi, umeme ndio ulioleta yote haya, ulikatika tangu adhuhuri kama kawaida yake, nyumba ikatulia, Zaahid yuko chini ya meza anapanga vifuniko vya chupa, vyekundu na vyekundu, bluu na bluu, hata Nuraan akaanza kuona raha ya kumenya viazi, halafu ukarudi bila hodi, televisheni ya ukumbini ikalipuka na watu wanaocheka, mashine ya kufulia ikaanza kutetemeka, redio ya jirani, king'ora cha gari la nani sijui, vyote kwa mara moja, na mtoto akachomoka chini ya meza, akaanguka kama aliyekatwa magoti, akakigonga kichwa kwenye kigae, akakigonga tena, na Nuraan alipaswa kusema neno moja, neno moja tu alilofundishwa wiki nzima kule kituo cha kufunzia mbwa, "Lalia," mbwa asikie aende amlalie mtoto mpaka atulie, akafungua kinywa kikawa kikavu kama unga, neno halikutoka, na mbwa akainuka mwenyewe kwenye mkeka wake, akaja, akalala, kwani nani kamwambia? "Nuraan! Mtoto ana nini?" hiyo ni sauti ya mama mkwe, Mama Gadija, toka ukumbini, "TV, Mama! Zima hiyo TV!" "Ati nini?" "Izime!" na vicheko vikakatika, ikabaki mashine na sauti ya Zaahid, na kandambili za Mama Gadija zikaja mpaka mlangoni zikakoma, "Yule mnyama yuko wapi?" "Yuko hapa." "Hapa wapi?" "Juu yake, Mama." "Juu ya nani? Astaghafirullah! Mtoe! Nuraan, unangoja nini, mtoe! Mimi siwezi kuingia, nina udhu!" ana udhu, ndiyo, siku hizi ana udhu kutwa, tangu mbwa aingie nyumba hii juzi Mama Gadija anatembea amekusanya kanzu magotini kama anayevuka mtaro, malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, Nuraan, hilo hata mtoto wa madrasa analijua, na Nuraan moyoni alimuuliza, na siku ile ya reli walikuwa wapi, Mama, tulikuwa hatuna mbwa siku ile... usifikirie reli, mtazame mtoto, kichwa, kichwa hakigongi tena, kinapinduka huku na huku lakini hakigongi, au ni mbwa amemkandamiza hawezi kujiinua, je kama anambana pumzi, je kama... ule upepo wa kiangazi, mlango wa mbele ulijifungua, dakika ngapi, za kukoroga chai, na alipogeuka Zaahid hayupo, akakimbia bila mtandio mtaa mzima wa Mitchells Plain ukimtazama, akaliona tundu kwenye uzio na upande wa pili mtoto wake amesimama katikati ya reli, viganja masikioni, anatabasamu, kwa sababu chuma kinanguruma kabla treni haijaonekana na yeye ule mngurumo anaupenda, na mtu asiyemjua, mwuza samaki, sijui hata jina lake mpaka leo, alimnyakua kiunoni kama mkungu wa ndizi, na usiku ule Riedwaan, mumewe, mwanamume asiyelia, alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea mlango umefungwa, akatoka macho mekundu akasema, "Tutachukua yule mbwa wa kituoni. Mama nitaongea naye mimi," na kwa shehe alikwenda yeye, na shehe alimsikiliza vizuri kuliko walivyotarajia, akasema hiyo ni haja, si pambo, mtoto analindwa, mtakapolambwa osheni, basi, na ndiyo maana kando ya sinki kuna kopo la udongo safi, Nuraan ameosha mikono ya Zaahid kwa udongo na maji mpaka ngozi imepauka, haoshi kwa sababu ya dini tu, Mungu anajua, anaosha kwa sababu anasikia kinyaa, anasikia woga, ule mguu wake mwenyewe wa kushoto bado una shimo... "Nuraan! Amemuuma? Niambie ukweli, amemuuma?" "Bado, Mama," kwa nini nimesema bado, nimesema bado kama anayengoja, na ndiyo, ninangoja, tangu juzi ninangoja, Nuraan alikuwa na miaka sita, Jumamosi, baba yake alikuwa akipiga plasta nyumba ya watu kule Constantia akamchukua aone bustani, na mbwa akatokea nyuma ya maua, hakubweka, wanasema mbwa hubweka kwanza, yule hakubweka, alikuja kimya akachukua nyama ya mguu kama mtu anayechukua kilicho chake, na mwenye nyumba alikuja mbio akasema maskini, hajawahi kufanya hivi kwa mtu yeyote, akampa peremende, na baba, baba yake mrefu aliyekuwa akimbeba mabegani, alivua kofia akasema asante sana bibi, asante, damu ya mwanawe inaingia kwenye kiatu na yeye anasema asante, na Nuraan aliinyonya ile peremende njia nzima kwenye basi, na juzi yeye ndiye aliyefungua mlango, yeye ndiye aliyesema karibu, mbwa wa kimya kama yule, maana huyu naye habweki, Ansie alijisifu kabisa, habweki huyu, amefundishwa... piga sasa, mpige mgongoni, atatoka, mpini ni mgumu, kisha utamnyanyua mtoto mwenyewe kama ulivyokuwa ukifanya, unamkalia nyuma, unamfunga kwa mikono na miguu, unamwimbia sikioni mpaka aishiwe nguvu, miaka yote umeweza... uongo, mwezi uliopita hukuweza, mwezi uliopita alikutupa kama mto wa kitandani, kidole chako cha mwisho hakijanyooka mpaka sasa, ulimwambia nesi umebanwa na mlango, na nesi akautazama uvimbe kwenye paji la mtoto, akakutazama wewe, akauliza, "Na yeye pia mlango?" na ana miaka minane tu, Zaahid ana miaka minane na mabega ya baba yake, atakuwa na kumi na mbili, atakuwa na kumi na sita, ndevu zitaota, nani atamkalia nyuma, nani atamfunga mikono, polisi? watu wa mtaani wenye fimbo? hili ndilo linalomwamsha Nuraan kila alfajiri kabla ya adhana, si mbwa, mbwa ni woga wa mchana... "Nampigia Riedwaan!" "Mpigie, Mama," na wakati huo mkono wa Zaahid ukapanda, ukapapasa manyoya, ukalikuta sikio, ukalikamata, Nuraan aliona vidole vikikunjika, anavijua vidole vile, vimewahi kung'oa nywele zake na ngozi yake, vikalipinda sikio kama anayekamua nguo, na mdomo wa mbwa ukafunguka, meno yote, ufizi mweusi, shavu la mtoto liko hapo hapo, hapo hapo, sasa, ndiyo sasa, alijua, alijua tangu juzi, mpini ukapanda juu wenyewe, na mbwa akatoa mlio, mlio mwembamba, kama wa mlango unaofunguliwa polepole usiamshe watu, akaufunga mdomo, akakirudisha kidevu palepale kwenye tumbo la mtoto, na jicho lake moja, la kahawia, lenye unyevu, likampandia Nuraan, halikuwa jicho la kuiba nyama, lilikuwa jicho la mtu aliye kazini, anaumia, na hajui zamu itaisha saa ngapi, na Nuraan alilijua jicho lile, analiona kila siku kwenye kioo cha bafuni, na vidole vikapinda tena, na mbwa akatetemeka mwili mzima kuanzia shingoni mpaka mkiani, lakini hakuondoka, hakuondoka, mbona huondoki wewe, inuka basi, atalichana sikio lako, mtoto huyu hajui nguvu zake, na woga ukampanda upya kifuani, mkubwa kuliko ule wa mwanzo, lakini hakuwa tena akiyatazama meno, alikuwa anautazama ule mkono mdogo, na sikio jekundu kwa ndani, jembamba kama kitambaa kilichofuliwa sana, na kumbe pale mpini ulipokuwa umepanda juu hajui sasa alikuwa ampige nani, "Nuraan! Riedwaan hapokei! Amemuuma? Nuraan, sema kitu, amemuuma?" na Zaahid bado anapiga ile sauti yake, mashine bado inatetemeka ukutani, viazi nusu vimemenywa, na Nuraan akakisikia kinywa chake kimepata mate, akasema, si kwa Mama Gadija, kwa mwanawe, "Taratibu, baba, taratibu... unamuumiza."