Meno ya Susu

Ndululu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Mwaka huo wa 1997, Daktari Gicheru wa Nairobi alifukua mifupa ya mwanamke katika pango moja karibu na Kyuso, mifupa ya miaka mia tatu, akasema kwamba chembe za urithi zilizobaki ndani ya meno zaweza kulinganishwa na damu ya walio hai. Ukoo mzima ulishaiita mifupa hiyo Susu, yaani nyanya. Ila sindano iliwatisha. Mwalimu Mutunga, binamu ya Ndululu na mzee wa kanisa, alisema damu ni uhai na yake haitoki.

"Toa yangu, daktari," Ndululu akasema. "Huyo ni susu yetu. Mimi ni mtu wa hapa kabisa."

Maskini, alikuwa na haja ya kulisema hilo. Mbula, mwenye shamba alilokaa Ndululu, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipokufa, alifanya lile ambalo Wakamba wamelifanya tangu kale: alitoa mbuzi na ng'ombe, akamwoa mwanamke mwenzake, Muthoki, amzalie kwa jina lake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Muthoki akamzaa Ndululu, na mwanamume aliyehusika hakuulizwa na mtu, kwa sababu desturi haitaki aulizwe. Mtoto ni wa Mbula, basi.

Barua ya Gicheru ilifika miezi minane baadaye, wiki ileile Muthoki alipofariki. Ndululu alikuwa amekwisha kuchimba kaburi kando ya lile la Mbula, kama mama yake alivyoomba: "Unilaze karibu na aliyenioa." Barua ilikuwa ya Kiingereza, nacho Kiingereza kilimpiga chenga. Akampelekea nani amsomee? Mutunga! Fisi akakabidhiwa bucha.

Mutunga aliisoma kimya mara mbili, kisha akasimama mbele ya waombolezaji.

"Wanasema damu ya Ndululu haina uhusiano na Susu. Si mimi nimesema, ni sayansi. Na mtu akizikwa kwa shamba, watoto wake ndio wenye shamba. Muthoki hatazikwa hapa."

Ndululu alikimbia posta, akampigia Gicheru simu. Daktari akaja baada ya siku mbili, amechoka, na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Chembe nilizopima hupitia kwa mama peke yake," akawaeleza wazee. "Nyinyi mnafuata ukoo wa baba, na wake zenu hutoka kila mahali. Hata Mwalimu Mutunga, nikimpima, huenda asifanane na mifupa hii."

Wazee wakageuka kumtazama Mutunga.

"Umenipima?" Mutunga akauliza.

"Hapana."

"Kuna barua iko na jina langu?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Wazee hao wote walikula mbuzi wa kumwoa Muthoki, kila mmoja na mfupa wake. Siku hiyo waliangalia viatu vyao. Waoga wakubwa! Wakakata kauli kwamba mama azikwe makaburi ya umma, na Ndululu akamzika Jumanne, watu sita tu, kando ya mlevi ambaye hakuna aliyemjua jina.

Likabaki kaburi wazi kule shambani. Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Lisipopewa kitu, huita mtu. Migomba haioti hovyo Kyuso, kwa hiyo shina la mgomba lilinunuliwa Mwingi, likaletwa kwa pikapu, likafungwa shuka nyeupe. Mutunga akaliombea. Kina mama wa kanisa wakaimba mapambio mawili. Kisha Ndululu akapewa sepetu.

Akaichomeka kwenye udongo. "Mwalimu, mgomba ulale kando ya Mbula na mama yangu hapana? Huu mgomba ndio damu yenu?"

"Hata kidogo," Mutunga akajibu kwa upole. "Lakini mgomba hauna mtoto. Zika."