Paketi za Mkwe

Katika duka lile la dawa, hata mteja wa mara moja aliijua sheria: anayeuza dawa ya maumivu sharti aulize kwanza ni nani anayeumwa, wapi, na tangu lini. Muuzaji asiyeuliza huvua koti jeupe, akapiga deki juma zima, wateja wakimwona.

Mfamasia, mjane mwenye duka, aliitunga sheria hiyo mwenyewe, na aliyafahamu mauzo yake kama mkulima anavyoyafahamu mawingu. Shule zikifunguliwa, vidonge vilinunuliwa kwa ajili ya vichwa vya wazazi; saruji ikiwasili, ilikuwa zamu ya migongo ya wapagazi. Lakini mwezi huu shule zilikuwa zimefungwa, ghala la saruji lilikuwa tupu, na bado rafu ya vidonge vya maumivu ilikuwa ikipukutika.

"Wifi," alimwambia dada wa marehemu mumewe, aliyeuza pamoja naye, "unagawa dawa kama njugu."

"Mimi? Nawahoji watu mpaka wananiita polisi!"

"Wauzaji tuko wawili, na mmoja ni mimi. Kesho uvue koti."

Koti lile wifi alikuwa amelipata ukubwani, baada ya masomo ya jioni na vicheko vya majirani. Kulivua hadharani kwa kosa asilolitenda kungemuuma kuliko deki yenyewe.

Asubuhi aliwahi kuliko desturi yake, ajaze ndoo kabla watu hawajafika. Koti lilikuwa bado mwilini alipoingia mkwe wa mfamasia, baba wa mume wa binti yake.

"Shikamoo, baba," mfamasia alisema.

"Marahaba, mama. Mmeamkaje?"

Kabla salamu hazijaisha, mfamasia alikuwa amekwisha kumfungia paketi ya vidonge. Wifi akaweka kiganja juu yake.

"Samahani, mzee wangu. Anayeumwa ni nani?"

"Wifi!" mfamasia alinong'ona kwa ukali. "Mkwe haulizwi habari za mwili wake."

"Kwani mkwe hana mwili?"

Mzee aliangua kicheko, kisha akalishika shavu lake. "Ni jino, mwanangu. Miezi miwili sasa. Kila asubuhi napita hapa, kwa maana koleo la daktari naliogopa kuliko kaburi. Siku hizi na tumbo nalo linawaka. Lakini nikasema, mama ndiye mtaalamu, naye haniulizi. Basi si neno."

Mfamasia aliinamisha macho. Heshima ni nguo njema, lakini haifai kufungia kidonda.

"Baba, usimeze tena hata kimoja," alisema hatimaye. "Tumbo hilo lipimwe leo. Wifi, msindikize, umweleze daktari yote."

"Na deki?"

"Deki ina mwenyewe."

Waliporudi alasiri, mzee amepungukiwa jino na ameandikiwa dawa ya tumbo, waliwakuta wateja wamenyanyua miguu benchini. Mfamasia, bila koti, alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu.

"Inatosha bwana, wifi," wifi alimsihi. "Nimekusamehe."

"Sheria haijanisamehe. Nenda kaunta, watu wanasubiri."

Akaendelea hivyo siku baada ya siku, bila kuitangaza sababu wala kumficha aliyeuliza. Juma lilipotimia alilikamua tambara, akalianika uani, akanawa mikono, ndipo akalivaa koti lake.