Taa Nyekundu ya Jikoni

Chanzo cha taabu yote ni meza. Asukile aliwahi kufanya kazi ya reli kule Itigi, na aliporudi Mbeya akaikosa kazi ile, akajitengenezea reli yake mezani sebuleni: vyuma vya miavuli michakavu vilivyonyooshwa, mabehewa ya makopo, na kando yake milingoti miwili ya ishara. Juu ya kila mlingoti aliweka balbu ndogo ya tochi, moja nyekundu, nyingine kijani.

Mkewe Tusekile hakuwa na neno na reli. Neno lilianza baba mkwe alipoletwa mjini kutibiwa kifua. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wala hampazii sauti. Kijijini kila mtu ana njia yake. Nyumba hii ya kupanga ilikuwa na mlango mmoja tu, wa sebuleni. Hata aliyekuwa jikoni alitokea hapo hapo.

"Usiwe na shaka," Asukile alimwambia. "Waya utazunguka mpaka jikoni, kwenye balbu mbili kama hizi, na kurudi mezani. Nyekundu, mzee yupo. Akitoka nabonyeza bati hili, inakuja kijani. Wewe unapita."

Akavuta waya. Kwanza zikawaka zote mbili, Tusekile akawa kama mtu anayeambiwa njoo na nenda kwa mdomo mmoja. Asukile akabadili, zikazima zote. Akafungua, akafunga, akajichoma kidole kwa risasi ya kulehemea, akamlaumu mwenye duka kwa betri. Hatimaye zikatii.

Jumamosi hiyo Tusekile alikuwa anakwenda Iringa. Mtoto wa dada yake Damari angebatizwa kesho yake, naye ndiye mama wa ubatizo. Kapu limefungwa tangu alfajiri, basi linaondoka saa nne, na balbu ya jikoni nyekundu. Akakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa. Nyekundu.

Alisikia sababu kupitia mlangoni. Mzee alikuwa amevuta kigoda mpaka mezani. Hii inasema nini? Inasema simama, baba. Nani asimame? Na Asukile, badala ya kumtoa babake akaote jua, akaanza habari za Itigi tangu siku aliyoajiriwa. Taa iliyowekwa kungojea mzee atoke ndiyo iliyomkalisha.

Tusekile akakohoa. Akagonga sufuria. Huko stendi honi ya basi ikalia. Tusekile akachutama, akaushika waya ulipopenya chini ya mlango, akaunyofoa.

Mezani taa zikafa. Asukile akanung'unika, akaingia uvunguni na kisu chake. Mzee akangoja kidogo, akasema kitu kilichokufa hakitazamwi, akachukua blanketi na fimbo. Tusekile alisikiliza fimbo ikizunguka nyumba mpaka upande wa jua, ndipo akatoka, kapu kichwani. Miguu ya mumewe ilikuwa imechomoza chini ya meza.

"Tusekile, hebu tazama huko jikoni, nyekundu inawaka?"

"Imezima, mume wangu."

"Na kijani?"

"Hiyo nayo imezima," akasema, keshavuka kizingiti. "Nitakuja kuitazama Jumatatu."