Pikipiki Iliyofanyiwa Ngokela

Mume wangu Meinrad ni mtu mwema, lakini wazo likishamkaa kichwani hulitoi hata kwa koleo. Safari hii wazo lenyewe lilikuwa pikipiki ya marehemu baba yake, ya Kiingereza, ya mwaka 1962, iliyokuwa imelala kwenye ghala letu la kahawa hapa Mbinga tangu mwaka 1992. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Tangi nilikuwa nalitumia mimi kuhifadhia mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu, maana panya wa huku hawana adabu, na bati ndicho kitu pekee wanachokiheshimu.

"Mama Herieth, toa maharage yako," aliniambia asubuhi moja, tumetoka tu kumaliza kuchuma kahawa. "Nataka nikupeleke kwenu Liuli."

Sikucheka. Nilijua vizuri sana anasema nini.

Mwaka 1990 nilikuwa binti wa miaka ishirini, mtoto wa Mzee Nazari, fundi wa maboti na mzee wa kanisa la Anglikana kule Liuli, ziwani. Meinrad, Mmatengo na Mkatoliki, alishuka kutoka milimani kununua samaki, akarudi na mimi. Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki hiyo, bila kumuaga mtu. Baadaye wazee wa kwao walishuka kuomba radhi, mahari ikapokelewa, ndoa ikafungwa. Lakini baba hakumpa Meinrad mkono. Alimwambia mbele ya watu wote: "Siku utakapomrudisha mwanangu hapa na pikipiki hiyo hiyo, mchana kweupe, watu wanaona, ndiyo siku nitakayokupa mkono. Kabla ya hapo usinijie."

Mwaka wa pili pikipiki ikafa. Baba alipata habari, na nina hakika zilimfurahisha.

Kwa hiyo miaka thelathini na mitano nimekuwa nikishuka kwetu peke yangu na basi. Meinrad anaishia stendi. Ananipa mkungu wa ndizi na kahawa ya kumpelekea mzee, na mzee anakula ndizi na kunywa kahawa bila kuuliza zimetoka kwa nani. Mimi jambo hilo limekuwa likiniuma kila mwaka, kwenda na kurudi. Na mwaka huu dada yangu Recho alipiga simu kutoka Liuli akasema baba, miaka themanini na saba sasa, ameacha maboti, anachonga makasia tu, na hata hayo kwa shida. "Kama shemeji ana neno na baba," akasema, "alilete sasa."

Basi nikatoa maharage yangu.

Wiki tatu Meinrad alikuwa ghalani tangu chai ya asubuhi. Alikuwa ametoa mbao mbili akatengeneza meza, akatundika spana ukutani kwa mstari, akaanza kupaita gereji. Kila nati ilikuwa imeshikana na kutu. Alipaka mafuta, akasubiri, akagonga, akatukana kwa Kimatengo akidhani sielewi. Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa amefungua gurudumu la mbele na taa. Basi.

"Kwa mwendo huu," nikamwambia, "baba atakukuta mbinguni, na huko nako hatakupa mkono."

Akaweka spana chini. Halafu uso ukamng'aa. "Tuite ngokela!"

Ngokela ni kazi ya kusaidiana ya Wamatengo. Mwenye shamba anapika chakula na kuandaa pombe, majirani wanakuja na majembe, kila mtu anakatiwa sehemu yake mteremkoni, na kabla jua halijakolea mashimo ya ngoro, yanayozuia mvua isichukue udongo, yamejaa mlima mzima. Nimeishi nao miaka yote hii na kwa jambo hilo nawavulia kofia. Lakini kufanya ngokela kwa pikipiki kulikuwa hakujawahi kusikika, na kama Meinrad angeniuliza ningemwambia kwa nini. Hakuniuliza. Aliniambia niloweke mahindi ya pombe.

Walikuja watu kumi na wanane, wengine kutoka Mkumbi, wengine kutoka Kitura. Walikula ubwabwa wangu na maharage, wakanywa, wakaizunguka pikipiki. Wote wakishikana na nati moja moja, pikipiki ilifunguka yote kabla ya saa tisa. Halafu Meinrad akafanya kama anavyofanya shambani: akamkatia kila mtu sehemu yake. Huyu sahani za klachi, yule bomba la moshi, mwingine kabureta. Kila mtu akafunga chake kwenye kitambaa akaenda nacho kwake kukisafisha, akirudishe baada ya siku nane. Jioni ghala lilikuwa na fremu tupu na kuku wawili wasioelewa kiti chao kimekwenda wapi.

"Umeandika nani ana nini?" nikamuuliza.

"Niandike ya nini? Hawa ni watu wangu."

Nilikwenda kulala na kichwa kinaniuma.

Lakini lazima niseme ukweli: siku ya nane walirudi. Wote! Vyuma vilivyokuwa vyeusi vilirudi vinang'aa. Shangazi Theresia alikuwa amesugua kifuniko cha injini kwa majivu na maganda ya limau mpaka ukijitazama unaona ndevu zako. Kabureta ilitoka Kitura safi kama kijiko cha harusi. Nilianza kuamini.

Wa mwisho kuingia alikuwa Stephano wa Mkumbi, rafiki wa Meinrad tangu shule ya msingi, amebeba kitenge cha mkewe mikononi kwa tahadhari. Yeye alikuwa amepewa kiki, ule mkono wa chuma unaopigwa kwa mguu kuwasha injini.

"Niliikuta imepinda," alisema. "Nikadhani mliwahi kuanguka nayo, ikapinda. Nikasema nisirudishe kitu kilichopinda kwa rafiki yangu. Nikaipeleka kwa mhunzi ainyooshe."

"Kiki zote zimepinda, Stephano," Meinrad akasema taratibu. "Ndivyo zinavyotengenezwa."

"Ndivyo alivyosema mhunzi. Baadaye."

Akafungua kitenge. Vilikuwa vipande viwili.

Nilipiga kelele, siwezi kukataa. Nilimwambia Stephano maneno ambayo nimeshayaungama. Fundi wa kuchomelea aliunga vile vipande. Kiki ilipopigwa mara ya kwanza ikakatika tena palepale. Tuliuliza Songea nzima, na vijana wa spea walicheka waliposikia mwaka. Nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwaona wale wanaume wawili wamekaa pamoja, na sasa chuma kirefu kama kiganja kilikuwa kinakataa.

Meinrad ndiye aliyekuja kunibembeleza. "Mama Herieth, hapa Mbinga kuna tambarare wapi? Pikipiki hii tunaiachia mteremkoni, tunaingiza gia namba mbili, inawaka yenyewe. Kiki ni ya watu wa mabondeni."

Na kweli, iliwaka. Jumamosi asubuhi watu wote wa ngokela walijipanga barabarani, Meinrad akaachia klachi katikati ya mteremko, na mlio ule niliokuwa sijausikia tangu ujana wangu ukajaa bondeni. Stephano alipiga magoti. Nilipanda nyuma, kanga mbili kiunoni, tukaondoka.

Sharti lilikuwa moja: tusizime. Tulipita Tingi nikapungia watu bila kushuka. Haja ndogo niliibana kilomita nyingi sana kwa mwanamke wa umri wangu. Tulizunguka kona moja baada ya nyingine, hewa ikawa ya joto, na ziwa likajitokeza chini, pana, la buluu, na nikaanza kumpigapiga Meinrad mgongoni kama mtoto.

Liuli watu walitoka nje ya nyumba. Baba alikuwa amekaa kando ya ukuta, kasia limelala mapajani, randa mkononi. Aliinua kichwa. Meinrad alisimamisha pikipiki mbele yake, injini ikinguruma, akaogopa kuzima.

"Zima hiyo kelele," baba akasema, "watu wasalimiane."

Akazima.

"Shikamoo, Baba," Meinrad akasema, na sauti yake ikakatika katikati.

"Marahaba."

Nikasubiri mkono. Baba aliitazama mikono yake. "Ina vumbi la mbao," akasema, akaendelea kuranda.

Tulikula ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani kwetu, wao wawili kwenye sahani moja, na baba hakusema neno ila kuomba chumvi. Baada ya kunawa akaizunguka pikipiki, akapapasa tangi kama anavyopapasa ubavu wa boti, akasema rangi imepakwa vibaya. Mkono hakutoa. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimwambia Recho, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu wakitimiziwa sharti wanatafuta vumbi la mbao.

"Acha, Violet," Meinrad akaninong'oneza. "Nimekula naye. Inatosha." Haikuwa imetosha. Niliiona kwenye mabega yake.

Saa tisa tukaaga. Na hapo ndipo akili ya milimani ilipotuumbua, kwa sababu nyumbani kwa baba hakuna mteremko hata wa kuviringisha limau. Ni tambarare na mchanga mpaka majini. Meinrad alikaa juu, mimi nikasukuma, Recho akasukuma. Tulisogea hatua kumi, tukazama mchangani. Majirani walianza kucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikasikia kasia linaanguka chini.

"Violet, panda," baba akasema nyuma yangu.

"Baba, wewe huwezi kusukuma."

"Panda kwa mumeo, nimesema. Recho, waite hao wanaocheka."

Nikapanda. Watu wakaja, watano, sita, wakashika keria na kiti. Baba aliweka mkono mmoja kwenye keria na wa pili mgongoni kwangu, nikausikia, mkubwa, mgumu, ukinisukuma kutoka kwake. Akawahesabia wenzake kama wakati wa kushusha boti majini. Pikipiki ikatembea, ikakimbia, Meinrad akaachia klachi, injini ikakohoa, ikashika. Wengine waliachia. Mkono wa mgongoni haukuachia mara moja. Nilipogeuka nilimwona anakimbia nasi bado, hatua tatu, nne, mdomo wazi kwa kicheko na pumzi, akamwita Meinrad kwa sauti ya kushinda mlio:

"Polepole kwenye kona, mwanangu!"

Tulikwenda na gia namba mbili ileile mpaka tukapita kanisa, kwa sababu dereva wangu alikuwa analia.