Wafu wa Ukurasa wa Tisa

Dobi alikuwa ameinama juu ya kola ya shati jeupe, akinyunyiza maji kwa ncha za vidole, jirani yake muuza vioo alipochungulia mlangoni na kumwambia kwamba mumewe ameonekana tena kwenye mataa ya barabara kuu.

"Upande upi?" dobi aliuliza.

"Ng'ambo. Kasimama tu, hajavuka."

"Basi bado tuko ukurasa wa tisa," dobi akasema, akaligeuza shati apige pasi mgongo.

Mumewe aliungua mwaka uliotangulia, mchana kweupe, katika kiwanda cha magodoro, pamoja na wenzake wote wa chumba cha sponji. Mlango wa chumba chao ulikuwa umetiwa kufuli kwa nje, kwa kuwa wakubwa waliona sponji zinaibwa. Baada ya mazishi wakubwa hao walitangaza kwamba siku ile hakukuwa na mtu kazini. Waliokufa walikuwa wameshatoka, na walikokwenda kufia wanakujua wenyewe. Dobi angeweza kukimeza kifo, maana kila mtu ana siku yake. Lakini kuambiwa kwamba mumewe alikufa pasipo na mahali kulikataa kumezeka kila alipowasha pasi.

Aliyeandika habari yote mtandaoni ni binti yake, ambaye alikuwa amemaliza shule na kukaa tu nyumbani. Aliandika majina ya marehemu, chumba chao na lile kufuli. Lakini mtu akikitafuta kiwanda kile mtandaoni, alichokiona kwanza ni mtoto anayerukaruka juu ya godoro, kisha mkurugenzi anayetabasamu, kisha magodoro ya kila rangi. Habari ya binti ilikuwa huko nyuma, kwenye kurasa ambazo hazifikiwi ila na aliyepotea.

Marehemu nao walisimama mbali au karibu na nyumbani kwa kadiri hiyo. Habari ilipokuwa ukurasa wa kumi na mbili, walionekana kule machimbo ya kokoto. Iliposogea ukurasa wa kumi, walisogea mpaka kituo cha mafuta. Nguo zao zilijaa masizi, na walikuwa wakitazama upande wa nyumbani kama wageni ambao hawajakaribishwa. Majirani waliwasalimia na kuendelea na safari zao.

Basi wajane wakawa wanakutana kila asubuhi kwenye duka la kompyuta la jamaa mmoja aliyeitwa Betri, kwa sababu alizungumza polepole na wakati mwingine alizimika katikati ya sentensi. Kila mjane alikaa kwenye mashine yake, akaliandika jina la kiwanda na kutafuta. Walijituma kwelikweli. Lakini kadiri walivyojituma ndivyo waume walivyorudi nyuma, na mmoja alirudi machimboni kabisa.

Siku moja Betri alisimama nyuma ya dobi.

"Shemeji, hapo mnabonyeza nini?"

"Tunamfungua mkurugenzi," dobi alisema. "Tunamtukana kidogo, halafu tunamfunga."

"Wote?"

"Wote. Yule bibi wa pembeni humtemea na mate."

"Ndiyo maana kile kioo kina madoa." Betri akanyamaza, wakadhani amezimika. "Mashine haisikii matusi, shemeji. Yenyewe inahesabu wageni tu. Kila mnapoingia kumtukana, inasema huyu bwana anapendwa. Mnampandisha wenyewe."

Wajane wakatazamana. Mmoja alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakukatika upesi.

Tangu hapo walimpita mkurugenzi wakiwa wamefumba jicho moja. Walifunua ukurasa baada ya ukurasa mpaka kwenye habari ya binti, wakaifungua na kuisoma hadi mwisho, kila siku, ingawa kila mmoja alikuwa ameshaikariri na ilimuumiza palepale. Dobi naye akaanza kutia vikaratasi kwenye mifuko ya mashati ya wateja, akiwaomba wafanye vivyo hivyo. Makarani, walimu na wahasibu walivikuta vikaratasi wakiwa ofisini wamechoka kukaa, na mtu aliyechoka kukaa ofisini atafanya lolote mradi si kazi. Walisoma, wakawatumia wenzao. Katika ukurasa wa sita mume wa dobi alivuka mataa. Katika ukurasa wa tatu alifika mbele ya duka la vioo, akajitazama na kujifuta masizi usoni kwa kiganja.

Hapo kiwanda kikaajiri watu wa kuyasifia magodoro yake mtandaoni usiku na mchana. Asubuhi iliyofuata marehemu walipita mtaani wakirudi kinyumenyume, wakimwomba radhi kila waliyemgonga. Muuza vioo aliingiza vioo vyake ndani ili wapite. Dobi alimkimbilia mumewe na kumshika mkono wa shati. Aling'ang'ania, na mume akaendelea kurudi nyuma, mpaka ule mkono wa shati ukakatika ukabaki kwa dobi. Aliufua na kuupiga pasi, akautundika ukutani. Kisha akakaa chini ya meza ya kupigia pasi akalia kwa sauti, na wateja waliokuja walisubiri.

Wajane hawakuacha. Ilichukua msimu mzima wa mvua. Mwishowe ikafika asubuhi ambayo mtu akikitafuta kiwanda kile, kitu cha kwanza kabisa, juu ya mtoto na godoro lake, kilikuwa ni kufuli. Mume wa dobi alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akaomba maji. Alikaa kwenye kiti chake na kukohoa. Katika nyumba za wajane wengine ilikuwa hivyohivyo.

Sasa mji mzima ulijua. Kiwanda hakikukana wala hakikukiri. Kilitangaza nafasi za kazi, na tangazo likakaa mstari wa pili. Vijana walisoma habari ya kufuli, wakasikitika, kisha wakashuka mstari mmoja na kujaza maombi.

Binti naye alijaza, akaitwa.

"Si uliandika mwenyewe?" dobi alimuuliza. Hasira na aibu vilimjaa pamoja, asijue amkasirikie nani.

"Niliandika, mama. Na tangu niandike, nani mwingine ameniita kazini?"

Dobi akachukua shati jingine, akaanza kulipiga pasi.

Jioni ya siku ya kwanza ya kazi, baba alimsubiri binti avue viatu.

"Wamekuweka wapi?"

"Chumba cha sponji."

"Mlango?"

"Wanafunga, baba. Wanasema wizi umezidi."

Baba alikohoa kwa muda mrefu. "Nenda ukakae upande wa dirisha la nyuma," alisema. "Nondo ya mwisho kushoto, chini yake saruji imelegea. Nilianza kuichokonoa kwa kisu, sikuwahi kumaliza."

"Haya, baba."

Dobi alikuwa akisikia. Aliipiga pasi sare ya binti yake, akaitundika. Kisha akaenda kwa muuza vioo kuazima patasi, akaitia chini kabisa kwenye mkoba wa kazini na kuifunika kwa kitambaa cha chakula. Kuipitisha getini hakukuwa na shida, maana walinzi wa kiwanda kile huwapekua wanaotoka tu.